Mtoto Akifika Miaka Saba

Wiki mbili zilizopita fundi mmoja, mteja wangu wa miaka mingi hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alikuja dukani kuchukua bushi za gari aina ya Noah. Alipomaliza kulipa hakuondoka. Aliegemea kaunta akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, Desemba dogo anatimiza saba. Naenda kumchukua."

Alisema kama mtu aliyeambiwa mzigo wake umeshafika stendi. Nikamvutia kiti, nikamwagizia chai kwa mama wa jirani, nikamwomba anisikilize kabla hajapanda basi la Morogoro kumfuata mtoto asiyemwona tangu mwaka juzi.

Hiyo kauli ya miaka saba nimeisikia kwenye daladala, misibani, vijiweni, hata kwa watu waliosoma. Eti mtoto akiwa mdogo ni wa mama, akifika saba ni wa baba, kwa hiyo baba mwenye akili hana haja ya kugombana, asubiri tu saa yake. Mimi mwenyewe niliiamini, na kwa sababu niliiamini nilikaa karibu mwaka mzima bila kufanya lolote la maana kwa wanangu wawili. Ndiyo maana naandika haya. Mimi si wakili, ni muuza vipuri niliyepita njia hiyo na mwenye watoto, na nimesoma vifungu vinavyonihusu mpaka karatasi zikachakaa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema hivi kwa maneno yangu: mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo inatazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii wanayotoka. Kisha ndipo umri wa miaka saba unapotajwa. Mtoto aliye chini ya miaka saba anachukuliwa kuwa ni vyema akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na hapo hapo sheria inaitaka mahakama ifikirie madhara ya kumhamisha-hamisha mtoto.

Basi. Hakuna mstari unaosema akitimiza saba anakuwa wa baba. Siku ya kuzaliwa ya saba ikipita, kinachoondoka ni ile dhana tu. Baba na mama wanabaki mbele ya swali lile lile la ustawi wa mtoto, na mtoto aliyeishi na mama miaka mitano, ana shule yake, ana rafiki zake, ana kitanda chake, tayari ana maisha ambayo mahakama haitayavunja kwa sababu kalenda imefika Desemba. Baba aliyekaa kimya akisubiri ndiye anayeumia zaidi, maana ukimya wake wote unakuwa ushahidi dhidi yake.

Najua imani hii inatoka wapi. Wengi wetu tumetoka kwenye makabila ambayo mtoto ni wa ukoo wa baba, na hata sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimweka mtoto upande wa baba. Baba yangu mzazi alilelewa na shangazi yake kwa sababu hiyo. Wazazi wake walipoachana alichukuliwa na upande wa kiumeni, na mama yake alikuja kumwona tena akiwa kijana anayeota ndevu. Mzee hakuwahi kulalamika. Lakini alipokuwa mgonjwa, mwishoni kabisa, aliyekuwa akimwita usiku ni mama yake. Mila imebaki kuwa mojawapo ya mambo ambayo mahakama inayaangalia, na sioni ubaya, ila haiwezi kusimama juu ya ustawi wa mtoto.

Mimi na mama wa wanangu tulitengana mwaka 2020. Sitaeleza sababu, kwa kuwa watoto wangu watakuja kusoma. Yeye alibaki nao Mbagala, mimi nikapanga chumba na sebule mitaa michache kutoka pale.

Kosa la kwanza nililifanya kwenye pesa. Nilikuwa natoa matunzo, tena bila kuchelewa, lakini nilikuwa namkabidhi shemeji mkononi kwa kuwa sikutaka kuongea na dada yake. Tulipofika mahakamani ikasemwa kwamba kuna miezi minane sikutoa hata shilingi. Sijui pesa ziliishia wapi na sina nia ya kumchafua mtu. Ninachojua ni kwamba hakimu aliniuliza nina kielelezo gani, nami nikabaki namtazama. Baba unayesoma hapa, tuma kwa simu, kwa namba yenye jina la mama wa mtoto, kisha mwandikie ujumbe mfupi: "Ya chakula na nauli ya shule, Machi." Ukilipa ada, lipa benki na utunze stakabadhi. Ukinunua sare, tunza risiti hata kama ni kipande cha karatasi. Mimi sasa nina daftari kubwa la kaunta lenye kila kitu, kila ukurasa na mwezi wake, na risiti nimezibandika kwa gundi.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Shauri la talaka halifunguliwi mahakamani moja kwa moja. Lazima kwanza mgogoro upelekwe kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo linaweza kuwa la kata, la BAKWATA kwa Waislamu, au la kanisa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati inayosema limeshindwa, ndiyo watu wanaiita fomu namba tatu. Hati hiyo ndiyo tiketi yako ya kuingilia mahakamani. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba tiketi ina muda: siku unayofungua shauri, hati isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita nyuma.

Nilipata yangu Februari 2021. Nje ya mahakama moja hapa mjini nikakutana na bwana mmoja mwenye suti na mkoba, akajitambulisha kuwa wakili, akaniandikia maombi palepale kwenye meza ya mpiga chapa. Nikampa laki tatu na nusu. Kila nikimpigia anasema, "Mzee, jalada lipo kwa hakimu, vuta subira." Nilivuta subira mpaka Oktoba, nikaenda mwenyewe masjala. Karani alitafuta jina langu mara mbili, akanitazama kwa huruma. Hakukuwa na shauri lolote lililofunguliwa. Hati yangu ya baraza ilikuwa imepitwa na wakati, na namba ya yule bwana haikupatikana tena. Alikuwa kishoka, wakili wa uongo.

Nikarudi barazani kuanza upya, kuketi tena kwenye benchi lile lile, kueleza aibu ile ile mbele ya watu wale wale. Miezi minane ya maisha ya wanangu ilipotea hivyo. Kabla hujatoa pesa, muulize wakili namba yake ya uwakili na uihakiki. Orodha ya mawakili inapatikana kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, ni suala la dakika tano. Wakili wa kweli haoni vibaya kuulizwa.

Na kwa ndugu zangu Waislamu: talaka uliyoiandika kwenye karatasi nyumbani haitoshi mbele ya serikali. Sheria hiyo hiyo ya 1971 inataka baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kusuluhisha, na mahakama ndiyo itamke kwamba ndoa imevunjika. Nina jirani aliyeoa tena akidhani mambo yamekwisha, leo anaitwa mahakamani kuhusu nyumba na watoto wa ndoa aliyodhani aliimaliza kwa kalamu. Wanaoishi pamoja bila ndoa nao wasijidanganye. Mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili na jamii ikawatambua kama mke na mume, sheria inaweza kudhani wameoana, na kuhusu watoto haijali kabisa kama mlifunga ndoa au la.

Shauri letu lilifunguliwa Januari 2022, Temeke, kwenye Kituo Jumuishi kilichoanza 2021 kwa ajili ya mashauri ya ndoa, mirathi na familia. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Mahakama Kuu ziko eneo moja. Kila kitu kiliendeshwa kwa Kiswahili, nikaelewa kila neno, na hilo lilinipa nguvu kuliko nilivyotarajia.

Mahakama iliagiza afisa ustawi wa jamii aje kutazama nilikokuwa nakaa. Alikuja mama wa makamo, saa nne asubuhi, jua limeshawaka. Nilikuwa nimepiga deki tangu alfajiri. Alitazama watoto watalala wapi, akauliza choo kiko wapi, maji yanatoka siku gani. Kisha akaketi kwenye kochi, akafungua daftari lake.

"Baba, mwalimu wa darasa wa huyu mkubwa anaitwa nani?"

Nilijua ada yake ni kiasi gani. Nilijua imelipwa tarehe ngapi na imebaki kiasi gani. Nilijua namba ya akaunti ya shule kwa kichwa. Jina la mwalimu sikulijua.

"Na huyu mdogo, akiamka usiku huwa analilia nini?"

Nikanyamaza. Hakunikaripia, aliandika tu. Mpaka leo naikumbuka ile kalamu ya bluu iliyofungwa uzi kwenye kona ya daftari, na jinsi alivyoandika kwa muda mrefu kuliko majibu yangu yalivyostahili. Usiku ule nilikaa macho. Nilikuwa nimejiandaa kusema mama yao amenikosea nini, na nilikuwa na mashahidi watatu. Sikuwa na shahidi hata mmoja wa kusema mimi nawafahamu wanangu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kifungu cha 26 kikanigeuza. Kinazungumzia wazazi waliotengana au kuachana, na haki zote zilizoandikwa pale ni za mtoto. Mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kile alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana. Ana haki ya kuishi na mzazi ambaye mahakama inaona anaweza kumlea vyema. Na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kila anapotaka, isipokuwa kama mpango huo unavuruga masomo yake. Nilikuwa nimeingia mahakamani kudai haki yangu ya kuwaona watoto. Kumbe haki ile ilikuwa ya kwao, na kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwamba nafaa kutembelewa.

Ukielewa hilo, mambo mengi ambayo akina baba tunayafanya kwa hasira utayaona yalivyo. Kuna anayezuia matunzo ili mama achoke awarudishe watoto. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinasema ni wajibu wa baba kuwatunza watoto, wawe mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine yeyote, kwa hiyo anayezuia anajenga kesi ya mwenzake. Na mama naye asizuie watoto kumwona baba kwa sababu matunzo yamechelewa. Hayo ni mambo mawili, kila moja lina mlango wake wa kudai. Kipato kikishuka kweli, duka limefungwa au kazi imekwisha, usiache kimya kimya. Rudi mahakamani uombe amri ibadilishwe, sheria inaruhusu pale hali inapobadilika.

Kuna anayemchukua mtoto shuleni saa sita mchana na kumpandisha basi kwenda kwa bibi mkoani. Nimeona hili kwa macho yangu kwa mtu ninayemheshimu. Alidhani anamwokoa mwanawe. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kutoka kwa mtu mwenye dhamana naye, na mbele ya hakimu hadithi ilikuwa fupi sana: mtoto alikosa muhula mzima wa masomo, na aliyesababisha ni baba.

Halafu kuna jambo ambalo wanaume hatupendi kuambiana. Kama ulikuwa unampiga mama yao, usije kuuliza kwa nini mtoto anakuogopa. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Nenda ukaombe msamaha, tafuta wa kuzungumza naye, kubali kuwaona watoto mbele ya mtu mwingine kwa muda mpaka uaminike. Kukubali hivyo si kushindwa.

Kuhusu mali sitaandika mengi. Nyumba kuwa kwa jina lako hakumaanishi ni yako peke yako, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa. Usiuze kiwanja usiku usiku ili kisigawanywe. Wanangu wanalala kwenye sehemu ya kile kilichogawanywa, na nalala vizuri nikijua hivyo.

Siku ya binti yangu kusikilizwa aliitwa ofisini kwa hakimu peke yake. Alikuwa na miaka 10. Mimi na mama yake tuliachwa nje, benchi moja, katikati yetu mkoba wake wa shule. Hatukusema neno. Usiku uliotangulia ndugu yangu mmoja alinishauri nimpigie simu nimfundishe la kusema, na nashukuru Mungu sikufanya hivyo, maana mahakimu wanawajua watoto waliokaririshwa, na zaidi ya hayo huwezi kumbebesha mtoto mzigo wa kuchagua. Alitoka baada ya kama robo saa, akaomba maji. Mama yake akampa chupa, mimi nikafungua kizibo. Sijawahi kumuuliza alisema nini ndani.

Hukumu ilitoka Septemba. Ndoa ilivunjwa. Watoto wote wawili wakae na mama. Kwangu wanakuja kila Ijumaa jioni mpaka Jumapili, na nusu ya kila likizo. Matunzo yakapangwa kwa kutazama kipato changu na cha mama yao. Ndugu zangu walisema nimeshindwa, wakanisukuma nikate rufaa. Nilisoma ile hukumu chumbani peke yangu, nikakuta ukurasa mmoja hakimu ameandika kwamba baba ameonyesha nia ya kuwa karibu na watoto. Nia tu, hakuandika kingine. Nikaona alichoandika ni haki.

Mwaka 2025 mwanangu mdogo alitimiza miaka saba. Sikwenda kumchukua. Alikuja mwenyewe, siku ilikuwa Ijumaa.

Fundi alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Akauliza kama ameshachelewa. Nikamwambia hapana, amri za malezi hazifungwi kufuli, na yeye hana hata amri, ana ukimya tu wa miaka miwili ambao anaweza kuuvunja leo. Aanze kwa kutuma pesa ya mwezi huu kwa simu, na ujumbe. Ampigie mama wa mtoto kwa heshima, aombe kuongea na mwanawe, hata dakika mbili. Akikataliwa aende ustawi wa jamii wa halmashauri aeleze, wamwite mama wakae mezani. Ikishindikana, ndipo mahakama. Na asiseme hana pesa ya wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamzungumzia mtu asiye na uwezo, haikusema mwanamke tu. Wapo wasaidizi wa kisheria kwenye kata, kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imezunguka mikoani, ipo LHRC, yaani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, hapa Dar. Wanaume tunapita nje ya ofisi hizi tukidhani mle ndani ni pa akina mama.

Akatoa kalamu, akageuza risiti ya bushi, akaandika nyuma yake. Kisha akanyamaza kidogo.

"Kaka, sijui hata yuko darasa la ngapi."

"Basi anza na hilo," nikamwambia. "Muulize yeye."

Ilikuwa Ijumaa na saa kumi ilikuwa imegonga. Nikateremsha shata la duka. Mdogo hapendi nikichelewa, tulipatana niwe nimefika Mbagala Rangi Tatu kabla ya adhana ya magharibi, na mwalimu wake wa darasa, anayeitwa kwa jina ambalo sasa nalijua vizuri, alikuwa amemtuma mchoro wa kuonyesha kwangu.